Ushairi wa Barazani katika Njia ya Tabora

Siku hizi katika miji mikubwa ya Afrika ya Mashariki imezoeleka desturi hii: watunzi hukusanyika jioni mahali pamoja, kikawekwa kipaza sauti mbele ya watu, na kila atakaye huandikisha jina lake, akasimama, akasoma shairi lake, kisha akampisha mwingine. Katika Nairobi jamii ya waandishi iitwayo Kwani?, iliyoanza mwaka 2003, ilifanya jioni za namna hiyo kila mwezi, na watunzi wengi vijana walijulikana kwa njia hiyo. Basi wako watu wasemao kwamba jambo hili ni geni kwetu, kwamba limetoka Ulaya na Marekani pamoja na kipaza sauti chenyewe. Na wako wengine wasemao kwamba hata ushairi si mali ya bara. Ni mali ya watu wa pwani, nasi wa Unyamwezi na Ugogo na Ujiji tuliuazima tu.

Maneno hayo mawili nataka kuyapima leo kwa habari za njia ile ya zamani ya misafara. Maana mtu akaaye Ng'ambo, katika mji wa Tabora, au katika kijiji cho chote kilicho kando ya njia ile, hana haja kusafiri mbali ili apate kujua watu walivyokutana zamani kutunga na kusikiliza. Njia yenyewe imepita mlangoni pake.

Nami nasema tangu mwanzo lile nitakalolionyesha. Shairi lina walinzi wawili, sikio na daftari. Sikio ni la wale waliokaa barazani, wawezao kuitikia, kucheka, kukataa na kujibu. Daftari ni la yule aandikaye neno pamoja na jina la mwenye neno. Akiwapo mlinzi mmoja bila mwenziwe, hapana budi kitu kupotea. Watu wa njia ya Tabora walikuwa na sikio wala hawakuwa na daftari; baadaye wakapata daftari, wakaanza kulisahau sikio. Habari yenyewe ni hii.

Kambini kwa wapagazi

Katika karne ya 19 njia kuu ya bara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Ugogo, ikafika Unyanyembe, ndiyo Tabora, na kutoka hapo ikaendelea mpaka Ujiji kwenye ziwa la Tanganyika. Njia nyingine iligeukia kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na upagazi kwao ulikuwa kazi ya heshima, ambayo kijana aliitamani ili arudi kwao na nguo na jina. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa yapata frasila mbili, ndiyo kilo 30 na kitu, na safari kutoka pwani mpaka Tabora ilichukua miezi mitatu, mara nyingine zaidi. Wanawake nao walikuwamo katika misafara hiyo, wakichukua vyombo na watoto na kupika kambini.

Mbele ya wote alikwenda kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, na bendera. Nyuma yake watu walifuata kwa ngoma na baragumu na nyimbo. Wimbo wa njiani ulikuwa na kazi yake: uliziweka hatua pamoja na kuusahaulisha uzito wa mzigo. Lakini wimbo uliokuwa na maneno mengi zaidi ulikuwa ule wa jioni. Msafara ulipokwisha kupiga kambi, watu wakila na kuota moto, mmoja alianza kutunga papo hapo juu ya mambo ya siku ile: mto uliowasumbua, posho iliyopunjwa, tajiri aliye mkali, mwanamke aliyeachwa nyumbani. Wenzake wakaitikia. Akichoka huyu, au maneno yakimwishia, mwingine alishika.

Mwingereza Richard Burton alipita njia hiyo pamoja na mwenzake John Speke, wakafika Kaze, mahali pa Tabora ya sasa, tarehe 7 Novemba 1857. Katika kitabu chake kilichopigwa chapa London mwaka 1860 aliandika habari za jioni hizo za wapagazi. Asema kwamba walikuwa wakitunga bila kujitayarisha, mmoja akitangulia na wengi wakimpokea, tena kwamba yeye mwenyewe alitiwa katika wimbo. Walimtaja kuwa ni Mzungu mbaya, kisha wakaongeza kwamba watamfuata vivyo hivyo maadamu awapa chakula kizuri.

Sasa, ndugu wasomaji, tulifikiri neno hili. Mpagazi mmoja angalikwenda peke yake mbele ya bwana wa msafara na kumwambia kwamba yeye ni mbaya, huenda angaliadhibiwa au kunyimwa ujira wake. Lakini lile lisilosemeka mchana lilisemeka jioni, kwa sababu lilikuwa wimbo, na kwa sababu wote waliliitikia. Kiitikio kilimficha mtunzi katikati ya wenzake. Bwana akasikia, akaelewa, akalichukua katika daftari yake, wala hakupata mtu wa kumshika. Hiyo ndiyo nguvu ya baraza: humpa mnyonge nafasi ya kusema, na huwafanya wanaosikia kuwa mashahidi wake.

Lakini hasara nayo ilikuwa papo hapo. Habari za wimbo huo tumezipata kwa kalamu ya yule aliyeimbwa, naye aliandika kama alivyoona yafaa. Jina la mtunzi hakuliandika. Hatujui kama alikuwa kijana au mzee, wala kama alirudi kwao salama. Maelfu ya jioni kama hizo zilipita katika njia ile, na watunzi wake walikuwa hodari kwa ushahidi wa wageni wenyewe. Lakini jina la kirangozi mmoja au wawili likitajwa katika vitabu, latajwa kwa ajili ya mizigo na ugomvi, si kwa ajili ya ushairi. Sikio lilikuwapo, daftari ilikuwa mkononi mwa mwingine.

Mashindano yenye waamuzi wengi

Tena watu wa njia ile walikuwa wamezoea kujibiwa. Utani wa Wanyamwezi na makabila ya pwani na ya njiani, kama Wazaramo na Wazigua, watu wengi wanaojua mambo ya kale huuhesabu kuwa umekua katika misafara, watu walipokutana na kupita katika nchi za wenzao. Mtani husema maneno makali wala hachukiwi, ila ni lazima naye akubali kujibiwa. Sharti hilo ndilo sharti la ushairi wa barazani: atakayemchoma mwenziwe kwa maneno na avumilie kuchomwa.

Upande wa kaskazini, kwa ndugu zao Wasukuma, jambo hili lilifanyika kuwa chama kabisa. Mapokeo yasema kwamba waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana kwa ngoma na nyimbo, wasikubali kuwa mmoja amemshinda mwenziwe. Wafuasi wao ndio Wagika na Wagalu, ambao wamegawanya nchi nzima mpaka leo. Baada ya mavuno pande mbili hukutana katika uwanja mmoja, zikacheza kwa wakati mmoja, kila upande na mtunzi wake na nyimbo zake mpya. Mwamuzi ni nani? Ni watu. Watazamaji husimama katikati, na upande upendezao huwavuta. Mwisho huonekana wazi upande upi una watu wengi na upi umebaki na wachache. Basi mtunzi hawezi kujidanganya. Hawezi kusema kwamba watu walimpenda moyoni, hali miguu yao imekwenda kwa mwingine.

Wamisionari wa kwanza waliziogopa ngoma hizi kwa sababu ya madawa na mambo mengine yaliyofungamana nazo. Lakini katika miaka ya 1950 Padre David Clement, wa Shirika la Mapadre Weupe, aliyetoka Kanada, aliona kwamba mtu aweza kuacha uganga asiache utunzi. Pale Bujora, karibu na Mwanza, aliwakaribisha Wagika na Wagalu washindane katika sikukuu ya Mwili na Damu ya Bwana, na sikukuu hiyo, iitwayo Bulabo, imejulikana nchi nzima. Nayataja hayo ili Mkristo asidhani kwamba imani yamtaka anyamaze katika mikutano ya watu wake.

Shairi la pwani lapanda bara

Sasa na tulitazame shairi la pwani, maana ni kweli kwamba lilipanda kutoka huko. Ubeti wa shairi lililozoeleka una mishororo minne. Kila mshororo una mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande huu. Tena una vina vya kati na vina vya mwisho. Mshororo wa nne huitwa kituo, na mara nyingi hurudiwa katika kila ubeti mpaka mwisho.

Watoto wa shule wakifundishwa sheria hizi hudhani kwamba zimewekwa ili kuwatesa. Sivyo. Sheria hizi ni za sikio. Mizani ni kwa ajili ya sauti ya mghani, asije akakwama kama mtu akanyagaye ngazi iliyovunjika. Vina ni kwa ajili ya kumbukumbu, maana neno moja humkumbusha msikilizaji neno linalofuata. Na kituo ni kwa ajili ya waliokaa: wakikisikia mara ya kwanza hukishika, na mara ya pili hukiitikia pamoja na mghani. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyeitikia wimbo kambini asingaliona shida kukijua kituo ni kitu gani. Kwa maneno mengine, shairi la pwani lilipofika Tabora halikukuta watu viziwi. Lilikuta masikio yaliyokwisha kufundishwa.

Wala watu wa pwani wasijisifu kwamba wao hawakupoteza kitu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa akitunga mashairi ya kujibizana juu ya vita na biashara na mapenzi, nayo yalikaa katika vinywa vya watu. Miaka mingi baadaye mmisionari William Taylor aliyakusanya na kuyaandika kwa msaada wa mzee wa Mombasa, Mwalimu Sikujua. Na diwani yake ilipigwa chapa na William Hichens mwaka 1940, miaka mia kamili baada ya kufa kwake mtunzi. Kama Mwalimu Sikujua asingalikumbuka, na Taylor asingaliandika, Muyaka naye angalikuwa pamoja na wapagazi wetu katika giza. Aliokolewa na masikio ya watu na daftari ya mtu mmoja, vyote viwili.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mizigo ikashuka vichwani mwa watu, ikapanda gari la moshi. Lakini maneno yaliendelea kusafiri. Tabora palikuwa na Wanyamwezi, Waarabu, Waswahili, na Wamanyema waliotoka Kongo. Wakaongezeka makarani, askari na mafundi wa reli kutoka kila upande. Kiswahili kilikuwa lugha ya kuwaunganisha. Ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani, ikafuata reli, nayo ilikuja na vyama vyake viwili vya kushindana, Marini na Arinoti, kila kimoja kikitunga nyimbo za kujisifu na kumdharau mwenziwe. Jina lilikuwa jipya na mavazi yalikuwa ya kizungu, lakini mtu aliyejua Wagika na Wagalu aliitambua mara moja.

Magazeti yawa baraza

Daftari ilikuja kwa njia ya shule na mitambo ya chapa. Mwaka 1888 Misheni ya Vyuo Vikuu ilianza kupiga chapa Msimulizi huko Unguja, na magazeti mengine ya misheni yakafuata. Kisha Januari 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza gazeti la mwezi, Mambo Leo, likichapishwa Dar es Salaam. Gazeti hilo lilitenga nafasi kwa mashairi ya wasomaji, na nafasi hiyo ikapendwa sana.

Angalieni ilivyokuwa. Mtu wa Tanga aliuliza neno kwa shairi: je, mali na elimu, lipi bora? Au alifunga fumbo, akataka lifumbuliwe. Gazeti lilipakiwa katika gari la moshi, likafika Dodoma, Tabora, Kigoma. Karani wa stesheni alilisoma, au mwalimu aliwasomea watu barazani, maana nakala moja ilikuwa ya watu wengi, na wengine hawakujua kusoma. Wakabishana. Mmoja wao akakaa usiku akahesabu mizani, akatia jibu katika bahasha. Baada ya mwezi mmoja au miwili au mitatu jibu lilitokea, na chini yake jina la mtunzi na mji wake. Kwa mara ya kwanza mtu wa bara aliyejibu barazani aliona jina lake limebaki. Yale yaliyomkosa kirangozi wa mwaka 1857, karani wa mwaka 1935 aliyapata kwa stempu ya barua.

Hapo sikio na daftari vilikuwa pamoja, na matunda yake yalionekana upesi. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na kufariki mwaka 1962, alianza kujulikana kwa mashairi ya magazetini. Naye alipata kufanya kazi Mpwapwa, katika njia yetu hii. Lakini nataka hasa kuwataja wana wawili wa Ujiji. Wa kwanza ni Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa mwaka 1924, akasoma katika shule ya serikali ya Tabora, akawa sheikh, kisha mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, naye akafa mwaka 1964 akiwa waziri. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, ambacho kimewafundisha walimu wengi. Wa pili ni Saadani Abdu Kandoro, aliyezaliwa mwaka 1926, mmoja wa waliokuwapo katika kuasisiwa kwa TANU mwezi wa Julai 1954. Yeye alilifanya shairi kuwa silaha ya siasa, na kitabu chake Mashairi ya Saadani kilitoka mwaka 1972.

Haya basi, yule asemaye kwamba bara iliazima tu, na atujibu: kitabu cha sheria za ushairi kilichosomwa mashuleni kiliandikwa na nani? Kiliandikwa na mtu wa Ujiji, mwisho wa njia ya misafara, mahali palipo mbali na bahari kuliko Tabora yenyewe. Aliyeazima akafundisha hata wenye mali hawezi kuitwa mwazimaji tena; amekuwa mrithi.

Ngonjera, na lililopungua

Katika nchi ya Ugogo alizaliwa Mathias Mnyampala mwaka 1917. Alikuwa Mkristo Mkatoliki, akatunga tenzi za Enjili na za Zaburi, nyumba ya Mkristo ipate kusikia Neno kwa mahadhi ya Kiswahili. Hata Julius Nyerere, aliyefundisha katika shule ya St. Mary's pale Tabora kuanzia mwaka 1946 mpaka 1949, alipozeeka alizitia Enjili katika utenzi, nazo zilitolewa mwaka 1996. Tenzi hizo hazikutungwa zifunikwe kabatini. Zilitungwa zisomwe kwa sauti.

Lakini Mnyampala anakumbukwa zaidi kwa ngonjera. Ngonjera ni shairi la watu wawili au zaidi wanaojibizana mbele ya watu, mmoja akiuliza au akipinga, mwingine akieleza. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Rais Nyerere aliwaomba washairi, walipokutana naye mwaka 1968, waende kuwafundisha watu siasa ya ujamaa kwa mashairi. Mnyampala na chama chao cha UKUTA wakaitikia. Yeye alifariki mwaka 1969, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vikatoka mwaka 1970 na 1971. Hapakuwa na shule ya msingi ambayo watoto hawakusimama uwanjani kusema ngonjera siku ya sherehe.

Faida ilikuwa kubwa, nami kama mwalimu siwezi kuidharau. Mtoto mwoga alisimama mbele ya wazazi wake, akasema kwa sauti. Kijiji kizima kilikaa kikasikiliza ushairi. Lakini kitu kimoja kilipungua, nacho ndicho kilichokuwa moyo wa baraza. Katika ngonjera za namna ile jibu limekwisha kuandikwa kabla ya swali. Yule mpinzani amewekwa pale ili ashindwe. Katika ubeti wa mwisho hukiri kwamba alikuwa mjinga, na sasa ameelewa. Hakuna awezaye kusimama kutoka kati ya watu akasema: mimi sikubali, na hili ndilo jibu langu. Wapagazi wa Burton walikuwa watumwa wa mzigo, lakini katika wimbo walikuwa huru. Watoto wetu walikuwa raia wa nchi huru, lakini katika shairi walisema waliyopewa.

Kisha yakaja mabishano mengine. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani. Mwaka 1976 Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walitoa Malenga wa Bara. Jina la kitabu lenyewe ni jibu kwa wale waliosema bara haina malenga. Huyo Kahigi baadaye alikuwa mbunge wa Bukombe, nchi iliyo kaskazini ya Tabora. Kandoro na wengine walioshika vina walikataa kwamba maandishi yasiyo na vina ni mashairi, na ubishi ukawa mkali.

Mimi nadhani pande zote mbili zingalipata faida kama zingalipeleka shauri lao barazani. Nyimbo za wapagazi hazikuhesabu mizani kumi na sita, na watu waliziitikia safari nzima. Basi vina si mlango wa pekee wa sikio. Lakini asiyetaka vina asidhani kwamba amesamehewa deni la sikio. Na asimame mbele ya watu asome. Watu wakitulia, wakakumbuka neno lake kesho yake, amelipa. Wakisinzia, asiwalaumu kwamba hawakusoma chuo kikuu.

Yatupasayo sasa

Leo daftari zimekuwa nyingi. Mwaka 2014 ilianza Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein, na mashairi yaliyochaguliwa yalipigwa chapa. Mwaka 2023 serikali ilianza kutoa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo ushairi umo. Haya ni mambo mema. Lakini mtunzi wa kijijini aweza kutuma shairi lake Dar es Salaam, likapimwa na waamuzi watatu asiowajua, na jirani yake wa ukuta kwa ukuta asilisikie kamwe. Huko ndiko kulisahau sikio. Na upande wa pili, bibi yetu aweza kuimba wimbo wa kutwanga au wa harusi, kila mtu akaucheka na kuuitikia, naye akifa wimbo ukazikwa pamoja naye. Huko ndiko kukosa daftari. Magonjwa yote mawili tunayo kwa wakati mmoja, katika kijiji kimoja.

Dawa haihitaji fedha. Kijiji chenye shule au kanisa au hata mwembe mmoja chaweza kuwa na baraza ya mashairi, tuseme mara moja kwa mwezi, usiku wa mbalamwezi. Kipaza sauti kikiwapo, vema; kisipokuwapo, kirangozi hakuwa nacho. Mwenye shairi la vina asome, asiye na vina naye asome, na mwenye wimbo wa Kinyamwezi au Kigogo au Kiha asiambiwe kwamba hapa ni mahali pa Kiswahili tu. Wanawake wasiachwe nyuma kupika chai. Wao ndio wenye nyimbo nyingi zaidi.

Yafaa yawepo masharti machache. La kwanza, kila shairi na liwe na ruhusa ya kujibiwa, papo hapo au mwezi unaofuata, hata likiwa la mwalimu, hata likiwa la mwenyekiti wa kijiji. La pili, jibu liwe juu ya neno, lisiwe juu ya aibu ya mtu wala ya jamaa zake. La tatu, mtoto mmoja mwenye mwandiko mzuri akae na daftari, aandike shairi, jina la mtunzi, kijiji chake na tarehe. La nne, daftari hiyo isikae kwa mtu mmoja atakayehama nayo. Ikae shuleni au katika ofisi ya kijiji, na ikijaa inunuliwe nyingine.

Sharti hilo la tatu ndilo ninalowasihi zaidi. Katika habari hii yote nimetaja majina ya Wazungu waliopita, majina ya mawaziri, na majina ya wenye vitabu. Sikuweza kutaja jina la mpagazi hata mmoja aliyetunga wimbo njiani, ingawa wao ndio waliotangulia, nao ndio babu zetu. Watoto wa kijiji chako wasije wakasoma habari za mababu zao katika kitabu cha mgeni, wakakuta wimbo hauna mwenyewe. Basi baraza ya mwezi ujao ikikutanika, kabla ya shairi la kwanza kusomwa, mwandishi wa daftari na amwulize mtunzi: jina lako nani? Kisha aliandike lote, la kwake na la baba yake, kwa wino.